MUTUBA KATIKA BAKULI
Jinsi ya kuchagua na kulea miti midogo katika nyumba za Nakivubo

Mpita njia wa Nakivubo hana nafasi ya kuinua macho. Mbele yake kuna mkokoteni wa magunia, nyuma yake kuna mchukuzi anayepiga kelele apishwe njia, na pembeni yuko mwuza mitumba asiyekubali mtu apite bila ya kulipapasa shati. Lakini mtu akipata kituo kidogo, akasimama kando na kuzitazama kuta za maduka ya zamani, huenda akaona jambo la ajabu. Huko juu, katika ufa wa saruji au kando ya mlizamu wa paa, umeota mti. Majani yake ni mabichi na yang'aa, na mizizi yake imeshuka ukutani mfano wa vidole. Hakuna aliyeupanda wala anayeumwagilia maji. Ndege alikula tini mahali pengine, akaja kutua hapo, na mbegu aliyoiacha ikaridhika na vumbi la ukutani.

Mti wa namna hiyo mara nyingi ni wa jamaa ya mitini, na hapa Buganda huenda ukawa ni mutuba wenyewe, yaani mti ule ambao magome yake hufanywa nguo. Mwenye nyumba akiuona huamuru ung'olewe, na hapana wa kumlaumu, kwa kuwa mizizi yake ikiachwa hupasua ukuta. Basi hung'olewa, ukatupwa jalalani. Katika makala haya twataka kumwonyesha msomaji ya kwamba mche huo unaotupwa waweza kuwa mwanzo wa pambo zuri kuliko mengi yanayonunuliwa kwa fedha nyingi, na ya kwamba mtu anayeishi katika chumba kimoja nyuma ya duka, asiye na hata futi moja ya ardhi, naye aweza kuwa na mti wake.

JINA NA ASILI

Sanaa tunayoizungumza yajulikana duniani kote kwa jina la Kijapani, bonsai. Neno hilo lina sehemu mbili: bon, yaani chombo kipana kisicho na kina kirefu, na sai, yaani kupanda. Kwa hiyo bonsai si jina la aina fulani ya mti. Ni jina la mti wowote uliopandwa katika chombo, ukalelewa humo mpaka ukapata umbo la mti mzima, ingawa kimo chake ni cha kuwekwa mezani.

Wajapani waliipokea sanaa hii kutoka China. Katika kaburi la mwana wa mfalme mmoja wa Kichina, lililojengwa mwaka 706, kuna picha ukutani zinazoonyesha watumishi waliobeba vyombo vyenye mimea midogo na mawe. Huko Japani sanaa ikaendelezwa kwa karne nyingi. Tetemeko la ardhi lilipouharibu mji wa Tokyo mwaka 1923, baadhi ya walezi wa miti hiyo walihama, wakaanzisha kijiji chao huko Omiya mwaka 1925, nacho kingali kikitembelewa na wapenzi wa bonsai kutoka pande zote za dunia.

Hapa yafaa jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Wako wafanyabiashara wanaouza vifuko vya kile wanachokiita mbegu za bonsai. Mbegu za namna hiyo hazipo ulimwenguni. Mbegu ya msonobari ni mbegu ya msonobari. Ukiipanda shambani itatoa msonobari wa kupasuliwa mbao. Udogo wa bonsai haumo katika mbegu, bali umo katika mkono wa mlezi.

UDOGO WATOKA WAPI

Mti huzuiwa usirefuke kwa kazi mbili zinazokwenda pamoja. Kazi ya kwanza hufanywa juu. Ncha ya tawi huvitawala vichipukizi vilivyo nyuma yake, isiviache vikue. Mlezi akiikata ncha hiyo, vichipukizi huamka. Tawi moja likawa mawili, mawili yakawa manne, na kadiri matawi yanavyozidi kugawanyika ndivyo majani yanavyozidi kuwa madogo. Kazi ya pili hufanywa chini, ambako mizizi minene hupunguzwa ili ile membamba inayonyonya maji ipate nafasi ndani ya chombo. Mti hautiwi dawa ya kuudumaza, wala haunyimwi chakula. Mti wenye njaa haupendezi, nao haudumu.

Wako wanaosema kwamba kuufanyia mti hivyo ni ukatili. Tungewaomba wayatazame mashamba ya chai ya Mityana na Toro. Mchai ukiachwa peke yake huwa mti mrefu kuliko nyumba. Umebaki kiunoni mwa mchumaji kwa sababu ncha zake huchumwa kila baada ya siku chache, mwaka baada ya mwaka, nao wastawi na kuzaa. Hatujapata kumsikia mtu akilalamika kwamba mchai wateswa. Mkono unaopogoa ndio huohuo unaotia samadi na kuondoa wadudu.

KWA NINI MUTUBA

Miti ya Kijapani kama msonobari wao na mti wa maple huhitaji majira ya baridi ili ipumzike. Kampala haina majira hayo. Mji wetu uko karibu na Ikweta, katika kimo cha mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake ni za misimu miwili: ile ya Machi hadi Mei na ile ya Septemba hadi Novemba. Mgeni aliyezoea theluji ataona tabu hapa. Mwenyeji hana tabu.

Mutuba, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis, una kila sifa anayoitafuta mlezi wa bonsai. Shina lake hunenepa upesi. Majani yake si makubwa, na hukubali kupungua. Hutoa mizizi ya hewani inayoteremka kutoka matawini, hata mti mdogo ukaonekana kana kwamba umeishi miaka mia. Tena ni mvumilivu: ukikosea kukata, huchipua, ukisahau maji siku moja, husamehe. Huko Afrika ya Kusini wapenzi wa bonsai wamekwisha kuutambua, nao ni miongoni mwa miti wanayoitumia sana.

Lakini kwetu mutuba si mti wa kupendezea macho tu. Tangu zamani fundi hulichanja gome la shina, akalibandua lote, kisha akalivika shina majani ya mgomba lisikauke, na gome jipya likaota. Gome lililobanduliwa hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka likawa nguo laini ya rangi ya udongo mwekundu. Kazi hiyo ni ya ukoo wa Ngonge, yaani fisi-maji, na mkuu wake ana cheo cha Kaboggoza. Shirika la UNESCO liliitangaza sanaa hiyo mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha yake ya urithi wa wanadamu. Hata katika kuhesabu nasaba, Muganda hutaja kwanza ukoo, kisha ssiga, kisha mutuba: jina la mti limekuwa jina la tawi la watu.

Mti huo wahitaji nafasi, na nafasi ndiyo inayopungua. Sisi wenyewe tumeyaona hayo. Katika kiwanja cha babu yetu, upande wa Masaka, ilikuwako mituba minne iliyosimama mpakani mwa shamba la migomba na kahawa. Kiwanja kilipogawanywa baina ya warithi, na baadhi yao wakauza sehemu zao, mituba mitatu ikakatwa. Tulikwenda huko kwa ajili ya msiba. Kabla ya kuondoka tulikata kijiti katika ule wa nne, tukakifunga kwa jani la mgomba, tukarudi nacho Kampala ndani ya basi huku utomvu wake mweupe ukitudondokea suruali. Tulipokwenda tena mwaka uliofuata, wa nne nao haukuwako. Kijiti kile sasa kimetimiza miaka tisa. Kimo chake ni sawa na mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na makazi yake ni baraza ya ghorofa ya pili, hapa Nakivubo, juu ya makelele ya Soko la Owino.

JINSI YA KUCHAGUA

Asiyetaka kuanza na mche aweza kununua mti uliokwisha kutengenezwa. Lakini na anunue kwa macho mawili. Bonsai yetu ya kwanza kabisa tuliinunua kwa mchuuzi wa barabarani, kwa fedha ambazo zingelilisha nyumba kwa juma zima. Ilikuwa nzuri mno, imezungukwa na vijiwe vyeupe vinavyometa. Baada ya majuma matano ilikuwa imekauka. Tulipoing'oa tuliona kwamba haikuwa na mzizi hata mmoja: lilikuwa tawi lililokatwa na kuchomekwa udongoni, na vijiwe vile viligandishwa kwa gundi ili lisiyumbe. Tangu siku hiyo tumejiwekea desturi ya kukagua mambo sita kabla ya kutia mkono mfukoni.

Kwanza, tikisa shina polepole. Mti wenye mizizi husimama imara. Usio nayo hucheza kama jino bovu.

Pili, tazama mguu wa mti, pale shina linapoingia udongoni. Mizizi yafaa ionekane ikitambaa pande zote, kama vidole vya mkono ulioshika meza.

Tatu, tazama shina lenyewe. Na liwe nene chini na jembamba juu. Shina lililo sawa kama fimbo kutoka chini hadi juu halina sura ya mti mzima.

Nne, tazama matawi. Tawi la kwanza na lianzie kiasi cha theluthi moja ya kimo, na yanayofuata yapishane kushoto, kulia na nyuma. Makovu makubwa upande wa mbele hupunguza thamani.

Tano, pindua chombo. Kisipokuwa na matundu chini, maji yatatuama na mizizi itaoza. Vijiwe vilivyogandishwa kwa gundi navyo ni dalili mbaya, kwa maana huzuia maji na hewa, tena huficha mengi.

Sita, pekua upande wa chini wa majani na vikonyo vyake. Ukiona vidung'ata, vile vidudu vyeupe mfano wa pamba, au ukiyakuta majani yananata, mwachie mwenye duka mti wake.

Jambo jingine ni kumwuliza mwuzaji mti umekaa katika chombo hicho kwa muda gani. Anayejua kazi yake atajibu mara moja.

KUJITENGENEZEA MWENYEWE

Hata hivyo, furaha iliyo kubwa ni ya mti uliouanza mwenyewe. Mwombe mwenye ukuta ruhusa, kisha uuchomoe mche wake kwa uangalifu pamoja na mizizi. Au kata kijiti cha mutuba chenye unene wa kidole gumba na urefu wa shubiri moja na nusu, ukichomeke katika mchanga wenye unyevu mwanzoni mwa mvua. Mutuba huota mizizi kwa wepesi. Vijijini hata nguzo nene ikichomekwa ardhini huchipua. Usiende kung'oa miti michanga msituni. Misitu yetu imekwisha kupoteza ya kutosha, na ukutani iko ya bure.

Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea. Huuchukua mche mwembamba, wakautia moja kwa moja katika bakuli dogo, kisha wakangoja shina linenepe. Halitanenepa. Shina hunenepa mti unapokuwa na mizizi mingi na matawi marefu. Kwa hiyo miaka miwili au mitatu ya kwanza uache mti ukue kwa uhuru katika chombo kikubwa. Dumu la plastiki la mafuta ya kupikia lililokatwa katikati na kutobolewa matundu lafaa kabisa. Shina likifikia unene unaoutaka, likate kwa juu, uliache tawi moja lishike uongozi, kisha ndipo uuhamishie mti katika bakuli lake la kudumu.

Udongo wa shamba pekee haufai, kwa kuwa hushikana ukawa kama tofali. Ponda vipande vya matofali yaliyochomwa, uchekeche ili vumbi litoke, ubaki na chembe za ukubwa wa punje za mtama. Changanya vipimo viwili vya chembe hizo, kipimo kimoja cha mchanga mnene, na kimoja cha mboji iliyooza vizuri. Matundu ya chombo yazibe kwa kipande cha wavu wa kuzuia mbu, ili maji yapite na udongo ubaki. Vyombo vyenyewe havina shida Nakivubo: Owino kuna mabeseni, sufuria kuukuu na bakuli za udongo, na kila moja laweza kutobolewa.

Matawi huelekezwa kwa waya. Waya wa umeme uliovuliwa ganda lake wafaa, wa shaba au wa alumini. Uzungushe katika tawi kwa mshazari, usikaze mno, kisha upinde tawi polepole. Mutuba hunenepa haraka, kwa hiyo kagua kila juma, na waya ukianza kuuma ngozi ukate kipande kwa kipande. Usiuzongoe, usije ukavunja tawi. Utomvu wa mutuba huwasha macho, basi nawa mikono baada ya kazi. Kila baada ya miaka miwili hivi, mvua zikianza, utoe mti katika chombo, ukate kiasi cha theluthi moja ya mizizi, uubadilishie udongo.

MAHALI NA MAJI

Wengi huua bonsai kwa kuipenda. Huiweka juu ya kabati sebuleni, mahali pasipofika jua, ili wageni waione. Mti si kinyago. Hakuna mti uliozaliwa kukaa ndani ya nyumba, na vyumba vya nyuma ya maduka ya Nakivubo vina giza hata saa sita za mchana. Uweke barazani, dirishani au juu ya paa la zege, mahali unapopata jua la saa nne au tano. Siku ya wageni uingize ndani, upambe meza, kisha kesho yake uurudishe nje.

Maji hayana ratiba. Chomeka ncha ya kidole udongoni: ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yatokeze chini, ukikuta unyevu, ngoja. Wakati wa kiangazi bakuli dogo laweza kuhitaji maji asubuhi na jioni. Maji ya bomba yafaa, na ya mvua yafaa zaidi. Lakini tunaonya: mtu asiteke maji ya Mfereji wa Nakivubo kwa kuwa uko karibu. Mfereji huo hubeba taka za mji na za viwanda kuelekea bwawa la mafunjo na Ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria. Si maji ya kutia katika bakuli la nyumbani, ambamo watoto hutia mikono.

Anayependa miti mingine asizuiwe. Mkwaju una majani madogo ya asili, na hufunga majani yake jioni. Mpera una gome la madoadoa linalopendeza. Bogenvilia hutoa maua bakulini kama itoavyo uani. Waridi la jangwani, lenye shina nene lililojaa maji, lawafaa wale wanaosahau kumwagilia. Kanuni ni moja kwa yote.

SUBIRA

Huko Washington, katika bustani ya miti ya taifa la Marekani, kuna msonobari mweupe ambao malezi yake yalianza mwaka 1625. Ulikuwa katika nyumba ya akina Yamaki huko Hiroshima, yapata kilomita tatu kutoka pale bomu la atomiki lilipoanguka tarehe 6 Agosti 1945. Ukuta wa bustani uliukinga. Mwaka 1976 mwenyewe, Masaru Yamaki, aliutoa zawadi kwa Wamarekani, na ilikuwa mwaka 2001, wajukuu zake walipokwenda kuutazama, ndipo watunzaji wake walipoambiwa mti huo ulipitia nini. Walioanza kuulea walikwisha kufa karne nyingi kabla. Kila mlezi alikuwa akimtunzia mwingine.

Hatujilinganishi na watu hao. Mutuba wetu una miaka tisa tu, na tunakiri ya kwamba mti wa bakulini hauwezi kushika mahali pa ule wa shambani. Haumpi mtu nguo, wala hauitii kahawa kivuli. Lakini haujapoteza asili yake. Kila tawi tulipogoalo ni kijiti, na kila kijiti chaweza kuota. Msimu wa mvua uliopita hatukuvitupa tulivyovikata. Tulivifunga vitatu kwa jani la mgomba, tukavipeleka Masaka kwa shangazi yetu, ambaye sehemu yake ya kiwanja haijauzwa. Alivipanda mpakani, palepale ilipokuwa ile minne. Viwili vimeshika, na habari tulizopata ni kwamba kimoja kimekwisha kumpita yeye kwa urefu.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapopita Nakivubo na kumwona mtu yuko juu ya ngazi aking'oa mti katika ufa wa ukuta, msubiri ashuke, umwombe.